Milima ya Kupanda Pamoja

Ukisimama Mamboleo, hapa Kisumu, asubuhi kabla jua halijawa kali na kutazama kaskazini, unaona milima imepangana kutoka Riat hadi inapopotelea upande wa Nandi. Kisumu yenyewe iko chini kando ya ziwa, zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mashariki yake uwanda wa Kano umetandazwa bila hata kilima cha kukutoa jasho. Kwa sisi waendesha baiskeli milima hiyo ni bahati kubwa, maana ukitoka katikati ya mji haichukui muda kabla hujaanza kupanda. Nimeongoza safari za Jumamosi za kikundi chetu kwa miaka kadhaa sasa, na kazi inayonila muda kuliko zote ni kutafuta barabara.

Barabara ya mlima inayomfaa mtu mmoja inaweza kuharibu safari ya watu kumi na wawili. Kwenye tambarare mwenye nguvu hukata upepo na mchovu hujificha nyuma yake, kwa hiyo tofauti ya miguu yao haionekani sana. Mlimani hali hubadilika. Mkienda kilomita saba au kumi kwa saa, kujificha nyuma ya mwenzako hakukusaidii kitu, kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Chukua mlima wa kilomita 7 usio na pa kupumzikia. Anayepanda kilomita 10 kwa saa atafika juu kwa dakika 42. Anayepanda kilomita 7 kwa saa atatumia saa nzima. Wa kwanza atangoja dakika 18 huku jasho likimkauka mgongoni, na wa mwisho akifika atakuta wenzake wameshapoa na wanataka kuondoka, ilhali yeye ndiye anayehitaji kukaa chini kuliko wote. Nimeona watu wakiacha kuja safari kwa sababu hiyo tu, na hawakusema kwa nini.

Sasa chukua mlima wa kilomita 2 kwa kasi zile zile. Mmoja atatumia dakika 12, mwingine dakika 17. Dakika tano ni muda wa kunywa maji, kukaza kamba za viatu na kuulizana hali. Ukiunganisha milima minne ya aina hiyo katika njia moja, kikundi kitakuwa kimepanda kilomita 8, zaidi ya ule mlima mmoja mrefu, na kitakuwa kimekutana mara nne. Ndiyo maana siku hizi nikitafuta njia sitafuti kilele. Natafuta milima mifupi iliyofuatana, yenye mahali pa kukusanyikia juu ya kila mmoja.

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, mara ya kwanza barani Afrika, wengi wetu tulifuatilia kwa sababu ni jirani na kwa sababu nchi ile ni milima mitupu. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,400. Sehemu kubwa ya kupanda huko haikutokana na mlima mmoja wa kutisha. Ilitokana na mzunguko wa karibu kilomita 15 ndani ya mji, wenye vilima viwili vifupi, uliorudiwa tena na tena, na waliofika mwisho walikuwa wachache sana. Sisi si wa kiwango hicho, lakini nilipoona jinsi vilima vifupi vilivyowamaliza mabingwa, niliacha kuwaonea aibu wanaosema Maragoli hakuna milima ya maana kwa sababu hakuna mrefu.

Maragoli na Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ndiko ninakokupenda zaidi kwa safari ya kikundi. Kaunti hiyo inapanda kutoka karibu mita 1,300 hadi mita 1,800, na barabara zake hazitulii. Unapanda mgongo wa kilima, unashuka hadi kwenye kijito chenye migomba, unapanda tena, na kando yako kuna yale mawe makubwa yaliyorundikana utadhani yamewekwa na mtu. Njia yetu ya kawaida hutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, kupitia Kisian hadi Maseno ambapo mstari wa ikweta unakatiza, halafu Luanda. Hapo tunaiacha barabara kuu na kushika ile ya Luanda hadi Majengo. Hiyo ndiyo roho ya safari. Ukifika Majengo uko kwenye barabara ya Kakamega, unageuka kulia, na kutoka Kiboswa mteremko unakurudisha hadi Mamboleo huku ziwa lote likiwa mbele yako.

Kipande cha Kisumu hadi Luanda kina shida yake. Ni barabara ya malori yanayokwenda Uganda, kwa hiyo tunaondoka mapema, mara tu mwanga unapotosha kuona mashimo, na tunapita kwa mstari wa mmoja mmoja bila mazungumzo. Anayeongoza hupaza sauti akiona shimo, anayefunga msafara hupaza sauti akisikia lori nyuma, na ujumbe unapokezanwa hadi uwafikie wote. Mazungumzo huanza Luanda.

Ramani za simu husaidia, na ningekuwa mkosefu wa shukrani nikizidharau. Lakini ni vizuri kujua zinachoona na zisichoona. Vipimo vingi vya mwinuko vinavyotumiwa na programu hizo vilitokana na kazi ya chombo cha anga cha Marekani kilichopima uso wa dunia kwa rada mwezi Februari 2000, na ardhi iligawanywa katika vipande vya karibu mita 30. Kwa mwinuko mkubwa kama ukuta wa milima ya Nandi hiyo inatosha kabisa. Kwa kijito cha Vihiga chenye kingo za ghafla haitoshi. Programu itakuambia kuna mwinuko wa asilimia 6, kumbe ni mita mia mbili za asilimia 3 na mita mia moja za asilimia 12. Miguu inaijua tofauti hiyo vizuri sana. Ukiwa na gia ya meno 34 mbele na 32 nyuma, ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika unakwenda kidogo zaidi ya kilomita 9 kwa saa. Mwinuko ukikulazimisha kushuka hadi mizunguko 45 au 50, baiskeli inaanza kuyumba, na kwenye changarawe gurudumu la nyuma linateleza. Mwenye baiskeli ya gia moja alishashuka zamani.

Kwa hiyo nikishamaliza na ramani nawaendea watu. Na si mtu yeyote. Mwenye gari atakwambia barabara ni nzuri, na kwake ni kweli. Wa pikipiki atakwambia ni hapo tu. Anayeujua mlima ni yule anayeupanda na mzigo kwa nguvu zake mwenyewe: muuza maziwa mwenye mitungi miwili kwenye keria, mchuuzi wa ndizi anayeziteremsha Kiboswa alfajiri, kijana anayebeba makaa kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Juu ya Majengo nilimkuta mzee akisukuma baiskeli yenye magunia mawili, nikashuka nikatembea naye.

“Habari ya asubuhi, mzee?”

“Mzuri, kijana wangu. Baiskeli yako imeharibika?”

“Hapana, mzee, nataka kukuuliza. Hii barabara ya kushoto inapanda vipi?”

Alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akainyosha mikono. “Mpaka kwa kanisa unaweza kukanyaga. Kutoka kwa kanisa unasukuma mpaka kwa ule mti mkubwa. Hapo tunapumzika. Halafu ni tambarare mpaka sokoni.”

Programu haikuwa na habari hizo. Katika sentensi chache mzee alinipa mwinuko, mahali pa kukusanyikia penye kivuli, na mahali pa kupata chai. Nikaja kugundua kwamba hata wasipokuwepo, wachukuzi wa mizigo huacha alama. Tazama ukingo wa barabara ya changarawe ukipanda: utaona kijistari kilichokanyagwa kikawa kigumu, upana wa unyayo, kando ya alama ya tairi. Kinapoanza, hapo ndipo watu hushuka wakaanza kusukuma. Kinapoishia, hapo hupanda tena. Katikati, mara nyingi chini ya mti, utaona jiwe la ukubwa wa mkate lililolainika upande mmoja, linalowekwa nyuma ya gurudumu mtu anapopumua. Sehemu ile yenye kijistari najua wenzangu wageni watashuka, kwa hiyo nawaambia kabla, ili kushuka kwao kuwe ni sehemu ya mpango na wasijione wameshindwa.

Kuna mawe mengine nayaogopa. Lori likikwama mlimani, utingo huweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu, na likiondoka mara nyingi mawe hubaki pale pale katikati ya njia. Anayepanda polepole huyaona. Anayeshuka kwa kilomita 50 kwa saa, akitoka kwenye kona yenye kivuli, huenda asiyaone kabisa. Ndiyo maana kila njia mpya lazima niipite mwenyewe kabla ya kikundi, na niipite kwa upande ule ule tutakaoutumia. Barabara ile ile ukiipita kinyume ni barabara nyingine.

Katika hilo nina msimamo ambao wenzangu wamenizoea. Upande wa njia huchaguliwa kwa ajili ya mteremko kwanza. Kama kuna pande mbili, moja ya lami nzuri na nyingine ya changarawe au mashimo, tunapanda ile mbaya na kushuka ile nzuri. Ukipanda polepole shimo ni usumbufu tu. Ukishuka kasi, shimo hilo hilo ni hospitali. Pia natazama mteremko unaishia wapi. Ukiishia kwenye soko, kwenye matuta ya shule au kwenye daraja jembamba, nasimamisha kikundi juu na kusema hivyo kabla mtu hajaachia breki. Wenye breki za rimu wanajua zaidi: ukizibana mfululizo mteremko mzima, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, na zitumie zote mbili.

Wapo wanaotaka mlima mrefu, na nina wajibu kwao pia. Kwao kuna Nandi. Unatoka Kisumu kwa njia ya Kibos na Miwani, tambarare tupu katikati ya miwa, hadi Chemelil. Huko chini jihadhari na trekta zinazovuta miwa: mabua hudondoka barabarani, na bua la muwa chini ya tairi jembamba huzunguka na kukuangusha. Baada ya Chemelil barabara inaanza kuukwea ukuta wa Nandi, na ukifika Nandi Hills umetoka kwenye karibu mita 1,200 hadi karibu mita 2,000. Joto la miwa unaliacha chini, hewa inakuwa ya baridi na chai inaanza, kijani hadi macho yanapoishia. Hakuna siku nimepanda hapo bila kufurahi kwamba naishi upande huu wa nchi.

Huo si mlima wa kukutana mara nne. Kwa hiyo tunaupanga tofauti. Wenye mwendo wa pole wanatangulia kutoka Chemelil, wenye kasi wananywa chai na kuondoka baadaye, na kila mmoja anajua kona tatu tulizochagua za kusimama, zenye nafasi ya kutosha nje ya lami. Mtu mmoja mwenye nguvu, pampu na viraka anabaki nyuma ya wote kwa kupenda kwake, hatumpangii kwa zamu. Nimeona tofauti kubwa kati ya anayekaa nyuma kwa sababu ameambiwa na anayekaa kwa sababu anapenda kumsikiliza mtu anayehema. Mpango ukienda vizuri, wa haraka humfikia wa pole karibu na juu, na wote huingia Nandi Hills ndani ya muda mfupi. Wanaotaka zaidi huendelea hadi Kapsabet na kurudi kwa barabara ya Chavakali, safari ya zaidi ya kilomita 100 ambayo simshauri mtu aifanye bila mazoezi.

Kitu kimoja sikibishanii: tuwe tumeshashuka kabla ya mvua. Huku kwetu mvua nyingi hujikusanya mchana na kunyesha alasiri, na Nandi Hills, kama Kericho, hujulikana kwa mvua ya mawe. Lami iliyokauka wiki nzima ikipata matone ya kwanza huwa laini kama sabuni. Ikifika saa sita na bado tuko chini ya mlima, tunageuza.

Niliwahi kukaa Nakuru kwa kazi, na huko nilijifunza njia nyingine ya kulitatua tatizo hili la watu kutengana. Mji uko karibu mita 1,850, na barabara inayopanda Menengai hufika ukingoni mwa kreta, ambapo kilele ni mita 2,278. Barabara hiyo haiendelei kokote. Anayepanda hukutana na watu waliokwenda kutazama kreta na si malori ya kusafiri mbali. Kwa kuwa ni kwenda na kurudi, mwenye kasi akifika juu hageuki kuwa mtu wa kungoja: anashuka hadi alipo wa mwisho, anageuza, anapanda naye. Anapata mazoezi mara mbili na mwenzake anapata mtu wa kuzungumza naye. Tangu hapo, kila ninapoona barabara inayoishia mlimani sisemi tena kwamba haifai kwa sababu haizunguki.

Kutoka Nakuru pia nilipanda Njoro hadi Mau Narok, kwenye mashamba ya ngano, shayiri na viazi. Ni nchi nzuri mno, iliyo wazi, na upepo wake hauna huruma. Kwa mtu wa Kisumu shida ni pumzi. Kwenye mita 2,800 hivi, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 70 ya lile la pwani, na Kisumu tumezoea karibu asilimia 87. Ukiwapeleka wenzako kutoka ziwani, punguza urefu wa safari na usimruhusu yeyote aanze kwa kasi ya nyumbani. Barabara kuu ya kupitia Salgaa kuelekea Mau Summit siiendi na baiskeli, wala simpeleki mtu. Malori yanayoshuka pale yameua watu wengi mno.

Kuna jambo ambalo haliko kwenye ramani yoyote nalo ni kubwa kwetu: watu. Vihiga ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba katika sensa ya 2019, kwa hiyo hakuna barabara tupu. Barabara ni ya watoto wanaotumwa dukani, ng’ombe waliofungwa kamba ndefu, na akina mama wenye kuni kichwani ambao hawawezi kugeuza shingo wakusikie. Siku za soko navuka eneo hilo mapema au nalikwepa. Na kwa kuwa tunatoka Jumamosi, tunakutana na mazishi. Huku Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Utaona hema kando ya barabara, magari yameegeshwa pande zote, watu wanatembea katikati na jeneza liko mbele. Kanuni yetu ni kwamba tunashuka wote, tunavua helmeti, tunasukuma baiskeli hadi tupite. Inatuchukua dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Asiyeweza kuzitoa dakika hizo ni heri aendeshe kwingine, kwa maana tunapita mbele ya nyumba za watu.

Na salamu. Kundi la watu wenye helmeti na miwani linaloingia kijijini kimya kimya linatisha, nimeliona hilo machoni mwa wazee. Anayeongoza husalimia kila kikao cha watu, na wa mwisho hushukuru. Tukichagua kibanda cha chai hatukihami ovyo. Juu ya mlima mmoja kabla ya Majengo kuna mama ambaye sasa akituona tunatokea huweka sufuria kubwa bila kuulizwa, na anajua nani hanywi sukari. Siku moja tulipotaka kupita njia iliyoharibiwa na mvua, yeye ndiye aliyetuzuia: “Wanangu, kule daraja limekwenda. Pitieni kwa shule.” Tulipita kwa shule.

Sasa hivi nautazama upande mwingine wa uwanda, kusini. Juu ya Nyakach kuna uwanda wa juu wa Nyabondo, na ukitoka chini Kano unauona umekaa kama meza. Naijua njia ya kupanda kupitia Sondu kwa gari, sijaipita kwa baiskeli. Nataka kuona kama kuna mahali pa kusimama katikati, kama mteremko wa kurudi una lami inayoaminika, na wachukuzi wa mizigo wa huko hushukia wapi kusukuma. Mvua za mwezi huu zikipungua nitatoka peke yangu alfajiri, na nikirudi na majibu mazuri nitawaambia wenzangu waweke mafuta kwenye cheni.